Hamsini kwa Bomba Moja

Kaka yangu Pauliasi nilimfundisha hesabu miezi miwili, na katika miezi hiyo sikuuona uso wake hata siku moja akiwa anafikiri. Yeye alikaa barazani kwa mama, mgongo kaegemeza kwenye mbao za ukuta. Mimi nilikaa ndani, upande wa pili wa mbao zilezile, mwanangu Kitione akinyonya. Aliyepitisha karatasi ni mkewe, Atelaite. Alitoka barazani akaja chumbani, akatoka chumbani akarudi barazani, akiburuza kandambili zake na kulalamika kwamba alidhani kaolewa na mkulima, kumbe kaolewa na posta.

Hatukuwa tumegombana. Ndivyo inavyokaliwa kwetu visiwani. Kaka na dada wakishapevuka hawakai chumba kimoja wakatazamana, hawataniani, na neno la dada halirudishwi. Pauliasi ananizidi miaka minane, na mama anasema alinibeba mgongoni nikiwa mchanga. Lakini tangu nilipotimiza miaka kumi na miwili ananiita dada kama vile mimi ndiye mkubwa, na nikiingia mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma. Bintiye hakupewa jina mpaka mimi shangazi niliposema aitwe Toakase. Hiyo ndiyo heshima ya dada, na mimi niliipenda, sitasema uongo.

Mwaka ule kampuni inayopeleka maboga Japani ilitangaza kwamba hainunui tena boga kwa mkulima asiye na kadi ya kupulizia dawa. Kadi ilitaka mtihani, na mtihani ulikuwa hesabu tupu: lita kwa hekta, mililita kwa bomba, hekta kuzigeuza ekari. Maswali ishirini, ukikosa matano umeanguka. Pauliasi aliacha shule kidato cha pili. Misimu mitatu mfululizo alikuwa Australia akichuma nyanya, miezi tisa kule na mitatu hapa. Aliporudi mara ya mwisho Toakase, mwenye miaka minne, alimwamkia kama anavyoamkiwa mchungaji wa kanisa, kisha akamwuliza mama yake huyu baba ataondoka saa ngapi.

Swali lile lilimkaa. Akalima ekari tatu za maboga yeye na mkewe, mbavu zikawatoka. Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya watu wa nyanya, na ndege yao ilikuwa ya Novemba. Akipata kadi na maboga yakanunuliwa, jina lingefutwa akabaki na mwanawe. Vikikosekana, angepanda ndege. Hakukuwa na njia ya tatu.

Akamtuma Atelaite aje kuniomba nimfundishe. Nilikuwa nimesoma madarasa ya jioni mjini Nuku'alofa, mwaka wa pili nikiwa na mimba, tumbo linagusa dawati, na cheti changu cha hesabu mama alikitundika sebuleni chini ya picha ya Bwana Yesu. Sikungoja wifi yangu amalize. Nilisema tuanze kesho.

Tulianza na mwendo. Bomba la mgongoni linamaliza lita kumi na tano kwa dakika ishirini, je, kwa saa moja litamaliza lita ngapi? Nikamsikia akimwambia mkewe, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kusikika na anayejua anasikika: "Mwambie mwalimu inategemea nani kalibeba. Akilibeba Kalolo, dakika ishirini kashakaa chini anatafuta kivuli."

Kalolo ni jirani yao. Atelaite alicheka mpaka akaiangusha karatasi. Mimi nilijiuma mdomo, maana si vizuri dada kucheka utani wa kakaye, lakini nilicheka na mbao nadhani zilijua.

Vipimo ndivyo vilivyomtesa. Maisha yake yote Pauliasi alipima dawa kwa kifuniko cha chupa, mbolea kwa kopo la samaki, shamba kwa hatua. Nilimwambia namba isiyo na kipimo chake ni kama mtoto asiyejulikana ni wa nani, usiiandike peke yake. Kila namba iandikwe na mwenziwe: lita, mililita, hekta. Hekta na ekari alikuwa akizichanganya, anazidisha pa kugawa, anagawa pa kuzidisha. Siku moja nikachukua mkeka mkubwa wa mama, ule wa harusi, nikamwambia Atelaite autandike barazani, na juu yake atandike midogo mpaka ujae. Iliingia miwili na nusu. Nikasema kupitia ukutani kwamba mkubwa ni hekta na midogo ni ekari. Dawa iliyoandikiwa mkeka mkubwa usiimwage yote kwenye mdogo. Igawe kwanza, kwa mbili na nusu.

"Ndiyo, dada," alisema.

Alisema hivyo kwa kila kitu. Nikimwuliza kaelewa, ndiyo, dada. Nikimwuliza hajaelewa, ndiyo, dada. Na karatasi zake zilikuja safi kama barua za kuomba kazi: majibu tu, mwandiko wa kujikaza, hapana hata mstari mmoja uliokatwa. Kumbe alikuwa na daftari lingine, la uchafu. Humo alihangaika, akafuta, akaanza upya, halafu jibu alilolipata ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya kuletwa kwangu. Huwezi kumpelekea dada yako karatasi chafu. Ni kama kumpelekea sahani yenye makombo. Nilimwambia Atelaite ninautaka huo uchafu, mwalimu hafundishi jibu, anafundisha njia. Nilisema mara tatu au nne. Ndiyo, dada. Na kesho yake ikaja karatasi safi.

Basi nikawa namfundisha mtu ambaye makosa yake siyaoni. Niliona majibu sahihi yakiongezeka, kumi kati ya ishirini, kumi na tatu, kumi na sita, nikajiambia inatosha. Wanaume wenzake kwenye mduara wa kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, walimwita Mwanafunzi wa Ukuta, wakamwuliza kama na ukuta utavaa vizuri uende naye siku ya mtihani. Atelaite aliniambia Pauliasi alikunywa bakuli lake, akapiga makofi kama ilivyo desturi, akatoka. Alikuwa na furaha siku zile. Toakase alikuwa amemzoea. Alikaa mapajani mwake wakati wa somo akijifanya naye anaandika, na nikiuliza swali nilimsikia akimnong'oneza baba yake majibu ya kubuni, mia, elfu, mia tena.

Ugonjwa wa ubwiri unga uliingia shambani wiki mbili kabla ya mtihani.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kitione alikuwa na homa tangu Alhamisi, meno au jambo lingine, sikujua, na nilikuwa nimekaa chini na kitambaa cha maji, mwanangu kanilalia kifuani anawaka kama jiwe la tanuri. Atelaite aliingia na jani la boga mkononi. Lilikuwa na vumbi jeupe upande wa juu, kama limenyunyiziwa unga wa ngano. Alisema jana yalikuwa majani matano, leo ni mistari mizima. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili kwetu hata magugu hayang'olewi, ni sheria, polisi wanapita. Kungoja Jumatatu ni kuukabidhi ubwiri shamba. Bwana shamba kafunga ofisi tangu Ijumaa mchana. Dumu la dawa yake, salfa ya maji, walikuwa nalo, bomba la pili wameazima kwa Kalolo. Walichokosa ni kipimo.

Akanisomea maandishi ya dumu: lita moja na nusu kwa hekta. Shamba ni ekari tatu. Wiki iliyopita, kama sehemu ya somo, walikuwa wamepima kwa maji matupu wakaona ekari moja inakula mabomba kumi na mawili.

Niliandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Lita moja na nusu ni mililita elfu moja na mia tano. Gawa kwa kumi na mbili. Kitione alitapika kidogo begani kwangu. Nikamfuta, nikarudi kwenye kadi, nikamaliza. Mia moja ishirini na tano.

Atelaite hakuondoka mara moja. Alisimama mlangoni, jani bado mkononi, akasema Pauliasi naye kashapiga hesabu yake.

Nikamwuliza kapata ngapi.

"Hakuniambia, wifi. Anasema anangoja ya kwako."

"Basi mpe hii."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala. Yalikuwa matatu tu. Ningeweza kuweka mengine matatu mahali pake, nenda kamuulize kwanza, na shamba lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Lakini mtoto alikuwa anaungua, na mimi ndiye mwenye cheti.

Walipulizia mpaka jioni. Jumapili kanisani nilimwona kisogo chake upande wa wanaume, akiimba besi kama kawaida, na upepo ulipogeuka nikainusa salfa kwenye mikono yake ng'ambo ya viti. Homa ya Kitione ilikuwa imeshuka. Nilishukuru kwa mambo mawili.

Jumatatu Atelaite alikuja bila kandambili. Akanishika mkono. Nilimfunga Kitione mgongoni tukaenda.

Majani ya boga yakiwa na afya yanasimama kama miavuli, unapita katikati yake unalowa magoti. Siku ile yalikuwa yamelala. Kingo zimekauka rangi ya tumbaku, katikati manjano, na ukiligusa jani linavunjika kama karatasi iliyoachwa juani. Maua yalikuwa chini. Viboga vichanga, vya ukubwa wa ngumi, vimesinyaa kwenye vikonyo na kuwa laini. Mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nikawa naenda mbele nikitafuta mahali palipopona, na kila nilipofika ni vilevile. Ubwiri ulikuwa umekufa, hilo ni kweli. Na maboga nayo yamekufa.

Pauliasi alikuwa mwisho wa shamba. Aliponiona alisogea kando kama inavyopasa, akasimama ametupa kisogo. Niliongea na Atelaite, kwa sauti ya kumfikia yeye. Niliuliza alimimina kiasi gani. Nilisema mia ishirini na tano haiwezi kufanya hivi, nimepiga mwenyewe, mtu kamimina kwa macho, kamimina kwa vifuniko vyake vya zamani.

Aliinama akaokota jani lililokauka. Kisha akasema, bado katupa kisogo, "Mkono wangu ulikosea kupima, dada."

Na mimi nikamwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Nilimwamini upesi, kwa raha kabisa, kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa hivyo. Nikamwambia Atelaite, na yeye asikie, kwamba wanaume wa mduara wa kava walisema kweli, miezi miwili nilikuwa nafundisha ukuta. Nikaondoka na mtoto wangu mgongoni, nikikanyaga maboga.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alikwenda kwenye mtihani. Sikutuma neno la kumtakia heri. Majibu yalipobandikwa alikuwa amepata kumi na tisa kati ya ishirini, hakuna aliyempita katika wilaya yetu, na bwana shamba alimpa kadi mkononi mbele ya watu akamwuliza kasoma shule gani. Kalolo alipata sita. Nilifurahi nikasahau hasira. Nikafikiri kadi inaweza kuokoa chochote, labda mistari michache ichipue upya. Mtu wa kampuni akaja na kijana wake wa kuandika, akatembea shambani nusu saa. Alikuwa mpole. Alisema kadi ni nzuri, iwekwe kwa ajili ya mwaka ujao, ila hapa hapana boga la kununua.

Baada ya hapo mke wa Kalolo alinijia. Kalolo anataka kurudia mtihani, je, nitamfundisha? Nikasema nitamfundisha, na kwa kuwa sikuwa na mazoezi mapya, nikamwomba Atelaite aniazime lile daftari la uchafu la Pauliasi, nione ni maswali gani yalimsumbua, ili nianze nayo kwa Kalolo. Atelaite alilitoa chini ya godoro bila kumwambia mwenyewe.

Nililifungua Kitione akiwa amelala. Lilikuwa chafu kweli. Nilisoma kurasa za mwanzo nikitabasamu, namba zimeangukiana, lita zimegeuka dakika. Kisha nikaona jinsi alivyokuwa akijinyoosha ukurasa kwa ukurasa, na pale nilipotandika mikeka alikuwa ameichora, mkubwa na ndani yake midogo miwili na kipande. Alikuwa ameelewa siku ileile. Huko kote sikuwahi kumwona, na alikuwa hapa muda wote, anahangaika, anapata.

Halafu nikafika Jumamosi ile. Tarehe aliiandika juu. Kwanza akachora mkeka. Kisha, kila namba na kipimo chake kama nilivyomfundisha: mililita 1500 kwa hekta. Gawa kwa mbili na nusu. Mililita 600 kwa ekari. Gawa kwa mabomba kumi na mawili. Mililita 50 kwa bomba moja. Hamsini akaizungushia duara, na duara lingine juu yake.

Chini yake, kwa mwandiko mwingine, wa mtu aliyeketi tena baadaye: 125. Na kando ya namba hiyo, jina langu, Lesieli.

Nilidhani ukurasa umeishia hapo. Haukuishia. Kuanzia hapo mpaka chini, na ukurasa wa pili mzima, alikuwa akitafuta njia ya kuifikia namba yangu. Alijaribu kuzidisha ile elfu moja na mia tano kwa mbili na nusu badala ya kuigawa. Haikutoka. Alijaribu ekari tatu zote. Haikutoka. Alijaribu kupunguza mabomba. Alikuwa hatafuti kosa langu. Alikuwa anatafuta lake, kitu ambacho mimi nimekiona na yeye hajakiona. Mwishoni, pembeni, akaandika elfu moja na mia tano gawa kwa kumi na mbili, ikatoka. Akaandika swali dogo: ekari ni hekta? Akalikata kwa mistari mingi, kama mtu aliyejikuta kasema neno baya kanisani.

Dawa ya mkeka mkubwa niliimwaga yote kwenye mdogo.

Nilimwita Atelaite nikamwonyesha. Hakusoma, alijua. Ndipo akanieleza. Asubuhi ile Pauliasi alisimama bandani na jagi lenye mistari, jua likapanda. Atelaite alimwambia arudi akaniulize. Akamjibu, "Nikamuulize dada yangu kama anajua?" Kalolo alipofika na bomba lake na kuona kiasi kinachomiminwa, alicheka akasema hesabu hii kakupa nani, muuza dawa? Pauliasi akasema kapewa na dada yake. Basi Kalolo naye hakucheka tena, akalibeba. Dumu la lita tano ambalo lingewafikisha mwisho wa msimu lilibaki na kikombe.

"Kwa nini hukuniambia wewe?" nikamwuliza.

"Aliniapisha, wifi. Alisema kosa likiwa la kaka ni hasara tu. Likiwa la dada, watu watasema maneno."

Siku hiyo nilikwenda mpaka ofisi ya kampuni na daftari chini ya kwapa, Kitione mgongoni. Nilimwambia yule mpole kwamba kosa ni langu, mkulima alikuwa na hesabu sahihi, nikamwonyesha duara. Alitazama kwa heshima. Alisema anasikitika, lakini meli inapakia maboga, haipakii hesabu. Alichosema hakikuwa na ubaya.

Orodha ya nyanya ilikuwa inafungwa Ijumaa. Jumatano mama alikunja mkeka aliokuwa akiusuka akaniambia mimi nalia nini na neno ninalo. Alisema jina la Pauliasi halijathibitishwa bado, anangoja neno langu. Mwambie abaki, atabaki. Ni nani wa kumzuia kaka isipokuwa dada yake?

Ilikuwa kweli. Neno moja tu, na asingekwenda. Mama akatuma aitwe. Nikaenda kukaa mahali pangu, nikasikia mbao zikilia alipoegemea.

Nilianza na deni langu la moyo. "Hamsini," nikasema. "Wewe ulipata hamsini. Mia ishirini na tano ilikuwa yangu, nilisahau kugawa. Nimeliona daftari. Pauliasi, kosa ni langu, na yale niliyokusema shambani nilijisema mwenyewe."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Joto lilikuwa kali siku ile, dada," alisema. "Hata hamsini ingeunguza."

Kumi na tisa kati ya ishirini, na ananiambia hivyo. Niliweka paji la uso kwenye mbao. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme mara moja tu, umekosea, Lesieli, kama anavyoambiwa mtu. Lakini hakuwa nalo neno hilo, hakufundishwa, na mimi katika masomo yangu yote sikuwahi kumfundisha.

Nikamwuliza kama anataka kwenda.

"Unavyoona wewe."

"Sikuulizi ninavyoona mimi. Wewe unaonaje?"

Kule uani Toakase alikuwa anaimba wimbo wa shule ya Jumapili, anachanganya mistari. Nilingoja. Nilijua anafikiri, safari hii nilijua kabisa namna anavyofikiri, nimeshaiona, namna anavyojaribu njia hii na ile akirudi mwanzo. Lakini jibu lake halikutoka. Alikuwa anatafuta langu, ili alifikie.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Baki. Na nyuma yake yakaja mengine yote: shamba limeungua, mbegu za kupanda tena hakuna, ukijitoa kwenye orodha mwaka huu hawakurudishi, na Toakase mwakani anaanza shule. Nikisema baki, atabaki, na akifa njaa atasema ni jua. Nikisema nenda, atakwenda, na Toakase ataanza upya kumwamkia kama mgeni. Sikujua lipi ni sahihi. Kweli sikujua, na kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kumpa ndugu yangu jibu ambalo sina hakika nalo.

Kwa hiyo sikusema. Nilifikiri nikinyamaza vya kutosha atajaza yeye. Nilifikiri kimya kitakuwa mlango. Nilinyamaza mpaka Kitione akachoka kunyonya akageuza kichwa, mpaka wimbo wa uani ukaisha, na bado nikanyamaza, nikimwomba Mungu amfungue kinywa.

Mbao zikalia tena. Alikuwa anasimama.

"Nimesikia, dada," akasema.

Nilisikia hatua zake zikishuka barazani, bila haraka, na baadaye kidogo nikamsikia akimwambia mkewe autoe ule mkoba mkubwa wa safari juu ya kabati, aupanguse vumbi.